Miezi mitatu nikijisifia nane iliyokuwa tano

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kati ya usukani wa kompyuta wa Nm 5 na wa Nm 8 ni mbingu na ardhi (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha toki, yaani nguvu ya kuzungusha). Nimesema kijiweni, nimesema kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda mbio za kompyuta, nimemwambia hata mteja mmoja aliyeleta Noah yake kupigwa alaimenti, na wala hakuwa ameniuliza. Halafu Jumapili moja jioni nikatundika dumu la maji kwenye usukani wangu, nikakuta sijawahi kuendesha na 8 hata siku moja.

Aibu yenyewe ni mara mbili, kwa sababu mimi ni fundi. Kazi yangu ni alaimenti, hapa Tabata. Kuanzia asubuhi mpaka magharibi niko chini ya magari ya watu: usukani unavuta kushoto, usukani haurudi wenyewe ukishakata kona, usukani mzito kama wa tipa. Usiku watoto wakishalala naingia chumba cha nyuma, nawasha kompyuta, naendesha magari ambayo kwa pesa yangu siwezi hata kuyafungua mlango. Kwa hiyo toki si neno la kuambiwa. Nati za ringi za Toyota hizi ndogo tunazoziona kila siku, IST, Vitz, Corolla, kitabu kinataka zikazwe kwa Nm 103. Vijana wangu wanapenda kukaza kwa kupanda juu ya spana na kurukaruka, na kila siku nagombana nao, nawaambia namba ipo, toki renchi ipo, mnaruka ya nini? Kumbe mwenyewe nikirudi nyumbani nilikuwa naamini namba ya mdomoni.

Toki ni nguvu ukizidisha kwa urefu wa mkono wa spana. Ndiyo hiyo tu. Nm moja ni nyutoni moja inayosukuma mwisho wa spana ya mita moja, na nyutoni moja ni kama uzito wa gramu mia: kitunguu kimoja cha wastani kimening'inia mwisho wa fimbo ya mita moja. Fimbo ikiwa nusu mita, kupata toki ileile itabidi utundike vitunguu viwili. Ukilishika hili, nusu ya maneno ya kwenye maboksi yanakuwa mepesi.

Kwenye usukani wa kompyuta mota inayoiga mvuto wa usukani wa gari iko katikati, mkono wako uko pembeni. Duara langu lina upana wa sentimita 30, kwa hiyo toka katikati mpaka mkononi ni sentimita 15. Chukua Nm 8, gawa kwa 0.15, unapata nyutoni 53, ambazo ni kama kilo 5.4. Hizo ndizo mota inaweza kukusukumia pembeni pa duara ikijitahidi mpaka mwisho. Ukishika kwa mikono miwili, kila mkono unabeba kilo 2.7. Sasa toa duara hilo, funga la sentimita 35 kama la gari la rali: mota ni ileile, umeme uleule, lakini mkononi zinafika kilo 4.7 tu. Funga kijiduara cha magari ya mbio ya fomula cha sentimita 28, zinakuwa 5.8. Nimewahi kusikia mtu akilalamika kwamba mota yake "imechoka" tangu abadilishe duara. Mota haijachoka, ndugu yangu. Umerefusha spana.

Usukani wangu wa kwanza ulikuwa Logitech G29, wa mkononi, pedali ya breki ikiwa ngumu kama imechomelewa. Ule ni wa meno: mota ndogo mbili zinazungusha gia, gia inazungusha shafti. Nguvu zake ni kama Nm 2 na kidogo, na kwa duara lake la sentimita 28 hivi unapata kilo moja na nusu mkononi. Si haba. Nilijifunzia humo, na mtu akinipa leo sitaukataa. Ila meno ni meno. Ukipita kwenye matuta ya pembeni ya barabara unasikia kakakaka, chumba kizima kinajua unaendesha, na pale katikati kabisa, usukani ukiwa umenyooka, kuna kanafasi kadogo ambako mkono hausikii kitu. Sisi wa alaimenti tunakaita "plei". Gari likija na plei hiyo nambadilishia mteja tairodi.

Baadaye nikatamani DD. Hizi herufi mbili maana yake ni kwamba hakuna gia wala mkanda katikati: duara linakaa moja kwa moja kwenye shafti ya mota. Nikapata tangazo la Fanatec CSL DD iliyotumika, limeandikwa kwa herufi kubwa: NM 8. Bei ilikuwa ya kuvumilika. Nikaenda, nikaichomeka, nikageuza huku na huku, nikalipa. Siku ya kwanza nilikaa mpaka saa saba usiku. Kule katikati palipokuwa kimya kwenye G29, sasa nikawa nasikia lami. Nikaandika kwenye kundi: wakuu, nane ni nane.

Kilichonishtua ni mpwa wangu. Yuko kidato cha pili, anapenda hesabu, na huwa anakuja wikiendi. Siku hiyo alikuwa ananisikiliza nikijigamba kwa simu. Nilipokata akaniuliza, "Mjomba, umeipima?"

Nikamwambia mtengenezaji ndiye amepima.

"Lakini ulinunua kwa mtu, si kwa mtengenezaji."

Basi tukapima. Njia ni rahisi na haihitaji kifaa. Unatafuta programu ndogo ya majaribio, zipo za bure, inayoiagiza mota isukume upande mmoja kwa nguvu zake zote bila kuachia. Mimi niliagiza isukume kushoto. Usukani ukiwa umenyooka, ukisukumwa kushoto upande wake wa kulia unataka kupanda. Unafunga kamba hapo kulia, pale palipoandikwa 3 kwenye saa ya ukutani (msije mkasema saa tatu, saa tatu yetu iko upande wa pili), unatundika mzigo. Unashika usukani ukae sawa, halafu unaachia taratibu huku mkono uko karibu. Mzigo ukipanda, mota imeushinda. Ukishuka, umeishinda mota. Unaongeza na kupunguza mpaka upate mpaka wake. Mzigo wetu ulikuwa dumu la lita tano, kwa sababu lita ya maji ni kilo moja na huhitaji kuhangaika.

Tulikuwa tumeshafunga kamba ya katani nilipomsikia mke wangu mlangoni.

"Baba Zulfa, hilo si dumu la maji ya kunywa?"

"Ndilo."

"Na hapo kwenye mchezo wako linafanya nini?"

"Linapima."

Akatutazama wote wawili, mtu mzima na mtoto. "Mkimaliza kupima lirudi jikoni na maji yake."

Tulianza na lita tatu. Nikaachia, dumu likapanda vizuri kama ndoo ya kisima. Mpwa akaongeza nusu lita. Nikaachia tena, na dumu likateremka taratibu, kwa heshima kabisa, mpaka likagusa goti langu. Nikadhani nimekosea kuagiza nguvu kwenye programu. Nikaangalia: imeandika mia kwa mia. Tukatoa maji kikombe kwa kikombe, na pale lilipoanza kusitasita tukalibeba dumu mpaka kwenye mizani ya jikoni. Kilo 3.4 pamoja na dumu lenyewe. Mpwa akapiga hesabu kabla sijatafuta simu: 3.4 mara 9.81 mara 0.15.

"Tano, mjomba."

Tano kamili. Nm 8 ingebeba dumu lote likiwa limejaa, na bado ingebaki na nafasi.

Nikainama chini ya meza na tochi, kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kununua. Kile kiboksi cha umeme kimeandikwa wati 90. Mota hii ya CSL DD inauzwa na viboksi viwili: cha wati 90, nayo inatoa Nm 5, au cha wati 180, nayo inatoa Nm 8. Mota ni moja, tofauti ni tumbo la umeme linaloilisha. Nikampigia muuzaji. Hakukwepa wala hakukasirika. Akasema, "Bosi, mbona mota ni ileile?" Na ni kweli, mota ni ileile. Kosa langu ni kwamba nilinunua neno, sikununua kiboksi.

Ila kinachonikera zaidi si yeye. Ni ile miezi mitatu niliyoapa kwamba nasikia 8. Nilikuwa nasikia kitu kizuri kweli, nikakipa jina lisilo lake. Nilichokuwa nakisifia ni kutokuwepo kwa gia. Mota ya DD ya Nm 5 ukiishusha mpaka itoe Nm 2 tu, sawa na G29 yangu, bado itakueleza mengi zaidi, kwa sababu hakuna meno ya kumeza vitu vidogo njiani. Ukubwa wa namba ni habari nyingine, na hiyo sikuwa nimeionja bado.

Kiboksi cha wati 180 alikuja nacho binamu yangu anayeishi Maskati. Plagi za kule ni za pini tatu nene kama zetu, kwa hiyo sikuhitaji hata adapta. Dumu likarudi kazini. Lilijaa pomoni, likapanda. Nikafunga nyundo pembeni yake, likashuka. Nikaridhika.

Basi nikaingia barabarani kuisikia hiyo mbingu na ardhi. Nikachukua Mazda MX-5 kwenye mchezo wa Assetto Corsa, gari jepesi ninalolijua kama mfuko wangu wa shati. Nikaendesha mizunguko kumi. Tofauti? Usukani ulikuwa mzito zaidi, nikaona unanichosha bila sababu, nikaushusha. Nilipoangalia nimeushusha hadi wapi, ilikuwa asilimia 65 ya 8. Yaani 5.2. Nilicheka peke yangu.

Tofauti niliipata nilipopanda gari la fomula lisilo na pawa stelingi, kwenye uwanja wa mbio wa Spa, Ubelgiji, kona ya Pouhon. Hii ni kona ndefu ya kushoto ya kuteremka, unaingia na mwendo mkubwa na unakaa humo muda mrefu. Ili kueleza kilichotokea inabidi niwapeleke gereji kidogo.

Gari la kweli usukani wake unarudi wenyewe kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kasta: mhimili ambao tairi linageukia umelazwa nyuma kidogo, kama gurudumu la mbele la baiskeli, kwa hiyo tairi linaburutwa nyuma ya mhimili na linapenda kunyooka. Ya pili iko ndani ya tairi lenyewe. Ukikata kona, mpira unajipinda, na ule mkandamizo wa pembeni haukai katikati pa sehemu inayogusa lami, unakaa nyuma yake kidogo. Umbali huo mdogo ni spana fupi inayovuta usukani urudi. Sasa, tairi likikaribia kushindwa, ule mkandamizo unasogea mbele, spana inafupika, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kabla tairi halijaachia kabisa. Dereva mzuri hasubiri gari liteleze. Anasikia ule wepesi, anapunguza. Hiyo ndiyo habari tamu kuliko zote ambazo usukani unaweza kukupa, na ndiyo tunayoilipia.

Tuseme katikati ya kona mchezo umepiga hesabu kwamba usukani wa gari hilo ungekuvuta kwa Nm 12, na tairi likianza kushindwa inashuka mpaka 9. Mota yako mwisho wake ni 5. Ukiiacha ilivyo, 12 inakuwa 5, na 9 nayo inakuwa 5. Ile tofauti tamu imekatwa kichwa. Wenyewe tunaita klipingi. Kama umewahi kuhudhuria shughuli ya uswahilini ambako mwenye muziki amezungusha kitufe mpaka mwisho, unaijua: sauti ipo, tena kubwa, lakini maneno ya wimbo huyasikii, ni mngurumo mmoja. Mwenye muziki anafikiri anakupa zaidi. Amekupunguzia.

Dawa ni kushusha kitufe. Mchezo ukishusha kila kitu hadi asilimia 40, ile 12 inakuwa 4.8 na ile 9 inakuwa 3.6, na wepesi unausikia tena. Lakini kila dawa ina madhara. Kale kamtetemo ka lami kalichokuwa Nm 0.3 nako kamekatwa, kamekuwa 0.12, na kwenye mashine ya gia kanamezwa na msuguano, hakafiki mkononi. Kwa hiyo mwenye mota ndogo anachagua kila siku: ama asikie kelele ndogo na kukosa kilele, ama asikie kilele na kukosa kelele ndogo. Mwenye mota kubwa hachagui. Ndiyo faida ya namba kubwa, na kwangu ni hiyo tu. Ni nafasi juu ya kichwa, si uzito wa kubeba.

Pale Pouhon na 5 nilikuwa nateleza nje mara kwa mara na kulaumu tairi. Na 8, nikiwa nimeacha mchezo ushushe kidogo, nikaanza kusikia pale usukani unapolegea. Haikuwa mbingu na ardhi. Ilikuwa kama kutoa pamba sikioni. Kwenye Assetto Corsa kuna kidirisha cha pedali chenye mstari wa nguvu za usukani, na ukifika mwisho unageuka mwekundu. Kiwekeni pembeni ya kioo mkiwa mnafanya mazoezi. Kikiwa chekundu kona nzima, hamwendeshi gari, mnashindana na mota. Wanaotumia mchezo wa iRacing wana kitufe kinachoandikwa Auto, unaendesha mizunguko michache kisha unakibonyeza, kinajipangia kilele chenyewe. Mimi huongeza kidogo juu yake, lakini hilo ni la ladha.

Kuna jambo ambalo matangazo mengi hayasemi, na mafundi wa umeme wanalijua. Namba moja haitoshi, zinatakiwa mbili: kilele, na ile ambayo mota inaweza kuishikilia. Fanatec hao hao kwenye mota yao ya Podium DD1 waliandika zote: kilele 20, ya kushikilia 15. DD2 ni 25 na 20. Sababu ni joto. Toki inaenda sambamba na umeme unaopita kwenye nyaya, lakini joto linaenda kwa mraba wake. Kutoka 5 kwenda 8 toki imekuwa zaidi kidogo ya mara moja na nusu, joto limekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mota yangu haina feni, bodi yake ya alumini ndiyo inayopoza. Njooni Dar wakati wa kaskazi, mwezi wa pili, chumba cha nyuma dirisha moja, mnielezee hiyo kupoza. Nikiendesha saa nzima, ile bodi huwezi kuiwekea mkono kwa raha. Nimeielekezea feni ya mezani, mimi mwenyewe najipepea na gazeti. Kwa hiyo ukiona tangazo lina namba kubwa moja na bei ndogo, uliza: hiyo ni ya sekunde moja au ya saa moja? Mwenye jibu atakujibu haraka.

Na umeme ukikatika katikati ya kona, usukani wote unakuwa laini kama uji. Nimeshazoea, naachia mikono nasubiri.

Watu wananiuliza kama 8 inatosha. Sokoni zipo za kila namna: Moza R5 ina 5.5, R9 ina 9, R12 ina 12, Simucube 2 zinaanzia 17 na ile kubwa kabisa inafika 32. Thelathini na mbili kwa duara la sentimita 30 ni zaidi ya kilo ishirini na moja pembeni. Hiyo ni ndoo ya lita ishirini iliyojaa maji, na kitu juu yake. Simucube wanakupa na kitufe chekundu cha dharura kama cha mashine ya kiwandani, na hawakukiweka kwa urembo. Gari lako la barabarani lenye pawa nzima, ukiwa kwenye mwendo, mara nyingi halikudai hata Nm 5. Nawaambia hivyo wateja hawaamini, mpaka niwazimie injini wajaribu kugeuza likiwa limesimama.

Mimi mwenyewe 8 ilinifundisha adabu. Kwenye mchezo wa rali wa EA Sports WRC wameweka Safari Rally ya Kenya, na zile njia za Naivasha zina makorongo ya matairi yanayokamata gurudumu ghafla. Nilikuwa nimeingiza vidole gumba ndani ya mikono ya usukani, tabia mbaya ambayo hata gerejini namkataza kijana. Tairi la kushoto likaingia kwenye korongo, usukani ukajipiga robo mzunguko kwa kufumba na kufumbua, na gumba langu likawa njiani. Wiki mbili nilikuwa nashika spana kama mtu anayeshika kikombe cha moto. Tangu hapo, rali naendesha kwa nusu ya nguvu, gumba juu ya duara. Mpwa akikaa nashusha mpaka asilimia 35, na ananuna, anasema namfanya mtoto. Sawa, wewe ni mtoto.

La mwisho ni meza. Hesabu za duara zinamhusu pia aliyeshika mota upande wa pili. Kilo tano na nusu zinazokusukuma wewe zinaisukuma na meza, kushoto kulia, kushoto kulia, mamia ya mara kwa dakika. Meza yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao za maganda. Kwa Nm 5 ilikuwa inalia, kwa Nm 8 skrubu zikaanza kutoka zenyewe, na nusu ya mtetemo niliokuwa nausubiri mikononi ukawa unaishia kwenye meza. Nikaenda kwa jirani yangu mchomeleaji, tukakata bomba za mraba za inchi moja na nusu, akaniungia fremu yenye kiti cha Noah iliyokatwa. Siku niliyofunga mota kwenye chuma nilisikia vitu ambavyo kiboksi cha wati 180 hakikunipa. Laiti ningeanza na bomba, ningebaki na 5 yangu mwaka mzima na nisingejua nakosa nini.

Juzi kijana mmoja ameuliza kwenye kundi: wakuu, nichukue 8 au nijibane niende 12? Wakamjibu kumi kwa pamoja, kila mtu na namba yake. Mimi nikamwambia anitumie kwanza picha ya mahali atakapoifunga. Akatuma. Ni meza ya plastiki, ile ya bluu ya mama ntilie, na juu yake kuna chupa ya chai.